Je, Wajua? Resini Huokolewa Kabla Maji Hayajaifikia

Wanaofuga matumbawe, anemoni na samaki wa baharini ndani ya nyumba hutumia maji safi kupita yale tunayokunywa. Mashine yao ya kuchuja kwa kawaida ina hatua nne: kichujio cha takataka na matope, mkaa amilifu, utando wa RO (unaopitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya madini), na mwishoni katriji ya resini inayonasa madini yaliyobaki. Katriji hiyo ndiyo inayomaliza fedha, kwa sababu ikishajaa haina kazi tena na wengi huitupa. Mfugaji anapoona resini inaisha upesi, hukimbilia kutafuta resini bora zaidi. Mara nyingi kasoro haiko kwenye resini. Iko kwenye hatua zilizotangulia, na huko ndiko akiba ilipo.

Je, wajua kwamba maji yanayofaa kunywa yanaweza kuharibu tangi la matumbawe?
Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kugeuka mvuke, lakini madini hayaondoki na mvuke huo. Ukijazia kwa maji ya bomba, unaongeza madini mapya juu ya yale yaliyobaki, wiki hadi wiki. Naitreti na fosfeti hulisha mwani. Silika hulisha daiatomu, ule mwani mdogo wa kahawia unaotanda kwenye kioo na mchanga. Shaba kutoka kwenye mabomba, hata kwa kiasi kisichomdhuru binadamu, ni sumu kwa kamba, konokono na matumbawe.

Je, wajua kwamba historia ya resini inapitia kwenye santuri?
Mwaka 1850, H. S. Thompson, mkulima wa Yorkshire nchini Uingereza, na mkemia J. Thomas Way walieleza jinsi udongo unavyokamata amonia ya mbolea na kuachia kalsiamu badala yake. Mwaka 1935, wanakemia B. A. Adams na E. L. Holmes wa maabara ya Teddington, karibu na London, wakabaini kuwa santuri zilizosagwa zina uwezo huohuo wa kubadilishana ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Kutokana na ugunduzi huo zikaja resini za kutengenezwa kiwandani.

Resini ya leo ni punje za plastiki zenye ukubwa wa mbegu za ulezi, nyingi zikiwa ndogo zaidi ya hizo. Zimo za aina mbili. Za kwanza hukamata ioni chanya kama kalsiamu na sodiamu, na kuachia ioni ya haidrojeni. Za pili hukamata ioni hasi kama kloridi na naitreti, na kuachia ioni ya haidroksidi. Zinazoachiwa zikikutana huwa maji. Kila punje ina nafasi zenye hesabu, na zikishajaa basi. Kwa hiyo umri wa resini hupimwa kwa kiasi cha madini yaliyoifikia. Miezi iliyopita tangu uinunue haikuambii lolote.

Je, wajua kwamba tofauti ya asilimia 3 inaweza kurefusha umri wa resini mara mbili na nusu?
Chukua maji ya bomba yenye miligramu 300 za madini kwa lita. Utando unaozuia asilimia 98 hupitisha miligramu 6 tu. Unaozuia asilimia 95 hupitisha 15, na uliochakaa ukizuia asilimia 90 hupitisha 30. Kwa macho maji yote matatu ni yaleyale, lakini resini inayopokea maji ya utando wa tatu itakwisha mara tano upesi kuliko inayopokea ya ule wa kwanza. Ndiyo maana utando uliochoka, unaoonekana bado unatoa maji vizuri, unaweza kukugharimu zaidi kwa resini kuliko bei ya utando mpya.

Hesabu hiyo huwa ngumu zaidi kwa wanaotumia maji ya visima vya pwani, ambavyo vingi vina chumvi. Maji yenye miligramu 1,500 kwa lita, hata utando mzuri wa asilimia 98 ukiyachuja, huacha miligramu 30. Hapo inafaa kuyapitisha maji kwenye utando mara mbili kabla ya kuifikia resini.

Je, wajua kwamba tangi lililo juu ya paa halina nguvu ya kutosha kuusukuma utando?
Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa shinikizo la takriban bar 1. Tangi lililo mita 4 juu ya mashine hutoa bar 0.4 tu, ilhali tando nyingi za nyumbani zimetengenezwa kufanya kazi kwenye bar 3.5 au zaidi. Wengi hudhani hasara yake ni kusubiri tu. Hasara kubwa iko kwenye usafi wa maji. Kasi ya maji kupenya utando hutegemea shinikizo, lakini chumvi hupenya kwa kufuata wingi wake, shinikizo liwe dogo au kubwa. Shinikizo likishuka, chumvi ileile huingia kwenye maji machache, na yanayotoka huwa na madini mengi zaidi. Pampu ndogo ya kuongeza shinikizo ni miongoni mwa vifaa vinavyookoa resini kuliko vyote.

Angalia pia joto. Tangi jeusi juani huyapasha maji joto, na maji ya moto hupenya utando upesi zaidi lakini huingia na chumvi zaidi. Tando nyingi za aina hii hazitakiwi kupokea maji ya zaidi ya nyuzi 45 za Selsiasi.

Je, wajua kwamba maji ya dakika za kwanza ndiyo machafu kuliko yote?
Mashine ikizimwa, chumvi iliyo upande mchafu wa utando huendelea kupenya taratibu kwenda upande safi. Ukiiwasha tena, maji ya mwanzo hutoka na madini mengi, kisha hutulia. Mfumo unaojiwasha kila saa ili kujaza lita moja au mbili huitesa resini kupita kiasi, kwa sababu kila mara huanza na maji hayo.

Dawa yake ni nyepesi. Weka vali kati ya utando na resini, acha maji ya dakika chache za mwanzo yaingie kwenye ndoo mpaka mita ya TDS (ya kupima madini yaliyoyeyuka) itulie, halafu ndipo uyaelekeze kwenye resini. Maji ya ndoo hiyo yanafaa kupikia, kufulia na kumwagilia maua. Jaza pipa zima kwa mkupuo mmoja badala ya kuchota kidogo kidogo.

Je, wajua kwamba resini inaweza kumalizwa na hewa ambayo mita haiioni?
Hewa ya ukaa iliyoyeyuka kwenye maji hupenya utando kana kwamba haupo. Mita ya TDS, inayopima uwezo wa maji kupitisha umeme, karibu haiihisi. Lakini ikifika kwenye resini hugeuka ioni na kushika nafasi za punje zinazokamata ioni hasi. Maji yaliyotoka kwenye utando yakiwa na miligramu 6 za chumvi ya kawaida na miligramu 22 za hewa ya ukaa kwa lita, hewa hiyo hushika nafasi karibu mara tano ya zile zinazoshikwa na chumvi.

Maji ya visima virefu ndiyo yenye hatari hii zaidi. Kujipima ni rahisi: pima pH ya maji yanapotoka tu, yapulizie hewa kwa siku nzima kwa pampu ya tangi la samaki, kisha pima tena. pH ikipanda sana, hewa ya ukaa ilikuwamo. Basi kusanya maji ya RO kwenye pipa safi, yapulizie hewa saa kadhaa mahali penye hewa safi, ndipo uyapitishe kwenye resini. Maji yaliyokaa wazi na kupata hewa ya kutosha hubaki na chini ya miligramu 1 ya hewa ya ukaa kwa lita.

Je, wajua kwamba mkaa wa bei nafuu hulinda vitu viwili vya bei kubwa?
Klorini inayotiwa kwenye maji ya mjini hula utando wa kisasa, na utando ukishaliwa haurudi. Mkaa amilifu ndio unaoizuia klorini, kwa hiyo pima klorini baada ya mkaa na ubadilishe mkaa kabla haujashindwa. Penye kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, mkaa huivunja na kubakiza amonia, ambayo nayo hushika nafasi kwenye resini. Kichujio cha matope kilichoziba kina madhara yake pia: hupunguza shinikizo, na tumeshaona shinikizo dogo hufanya nini.

Je, wajua kwamba katriji mbili zikifuatana hutumika vizuri kuliko moja kubwa?
Ukiwa na moja, unalazimika kuitupa mara tu mita inapoonyesha 1 au 2, huku punje nyingi bado zikiwa na nafasi. Zikiwa mbili, ya kwanza hutumika mpaka ichoke kabisa huku ya pili ikilinda. Kisha ya pili husogezwa mbele na mpya huwekwa nyuma yake. Usingoje ile ya mwisho ionyeshe namba kubwa, kwa sababu silika huanza kuponyoka mapema na mita haiioni vizuri. Shindilia punje zisiache mwanya, na maji yapande kutoka chini kwenda juu, la sivyo yatajitafutia njia ya mkato. Akiba ihifadhi ikiwa na unyevu kwenye mfuko uliofungwa, kwa sababu resini iliyo wazi hunyonya hewa ya ukaa hata kabla ya kutumika.

Je, wajua kwamba samaki wengi hawaihitaji resini kabisa?
Samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaopendwa na wafugaji duniani kote kwa rangi zao, wamezoea maji yenye madini mengi na pH ya kati ya 8.5 na 9. Kuwaondolea madini yote kwa resini na kisha kuyarudisha kwa unga wa dukani ni kulipa mara mbili. Kwa samaki wengi wa maji baridi, maji ya bomba yaliyoondolewa klorini, au yaliyochanganywa na ya RO, yanatosha.

Pa kuanzia ni wapi?
Kabla ya kununua resini nyingine, pima TDS sehemu tatu: kabla ya utando, baada ya utando na baada ya resini. Utando ukizuia chini ya asilimia 95, rekebisha kwanza shinikizo, kisha vichujio vya mbele, kisha utando wenyewe. Ukizuia vizuri na resini bado inaisha upesi, tafuta hewa ya ukaa. Andika namba hizo kila mwezi. Kila miligramu inayozuiwa huko mbele hukubakizia fedha, na hupunguza plastiki inayoishia jalalani.