Mizani Ikigoma Kushuka

Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kunywa chai, mama mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga, hupanda juu ya mizani iliyowekwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Ana umri wa miaka 47 na ni mama wa watoto watano. Ameridhia kisa chake kisimuliwe bila ya kutajwa jina.

Desturi hiyo hakuianza kwa ajili ya urembo. Alikwenda kupima magoti yaliyokuwa yakimuuma, akarudi na habari nyingine: shinikizo la damu limepanda, na sukari imekaribia kiwango cha ugonjwa wa kisukari. Mama yake mzazi alifariki baada ya kukatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa huohuo. Siku ile mizani ilisoma kilo 96.

Aliacha soda. Akapunguza sukari ya chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, akaacha maandazi ya asubuhi, na akaanza kutembea kila siku baada ya swala ya Alfajiri. Mwezi wa kwanza zikaondoka kilo nne. Baada ya miezi mitano alikuwa na kilo 87. Kisha mizani ikagoma. Wiki ya kwanza 87, ya pili 87, na hata ya saba 87.

Siku moja, mbele ya wageni, wifi yake alimtania: "Wifi, si ulisema unapungua? Mbona tunakuona palepale?" Alicheka pamoja nao. Usiku akamwambia binti yake: "Najinyima bure, mwanangu. Kesho nitakula kama wenzangu."

Ndugu msomaji, kauli hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya. Wengi walioanza safari ya kupunguza uzito kwa ushauri wa daktari huiachia njiani hasa katika kipindi hiki, wakiamini kuwa wameshindwa, ilhali mwili unafanya kile ulichoumbwa kufanya.

Kwa nini uzito hukwama

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba kilo za mwanzo si mafuta matupu. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Mtu anapopunguza chakula, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka. Ndiyo maana wiki za mwanzo hufurahisha, na anayetarajia kasi ile iendelee hujitayarishia huzuni.

Jambo la pili ni kwamba mwili mdogo una matumizi madogo, mfano wa lori lililoshusha shehena, ambalo halihitaji mafuta mengi kupanda mlima uleule. Watafiti wanakadiria kuwa kwa kila kilo inayopungua, matumizi ya mwili hushuka kwa wastani wa kalori 20 hadi 30 kwa siku. Kwa mama yetu aliyepunguza kilo tisa, hiyo ni kati ya kalori 180 na 270. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya kupikia vina takriban kalori 240. Kwa hiyo, chakula kilekile kilichompunguza alipokuwa na kilo 96 sasa kinamtosha kabisa kubaki na kilo 87. Kinachoingia na kinachotumika vimelingana.

Jambo la tatu ni njaa. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini nayo hupungua, na ubongo huchukulia kuwa njaa imeingia nchini. Hapo hamu ya chakula huongezeka na mtu huanza kufikiria sahani mchana kutwa. Kumwita mtu huyo mlafi ni kumdhulumu.

Kujinyima zaidi si dawa

Fikra ya haraka inayomjia mtu aliyekwama ni kukata chakula zaidi: aruke cha mchana, alale na maji. Mwaka 1944, nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 waliojitolea, akapunguza chakula chao kwa takriban nusu kwa muda wa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini mapigo ya moyo yalipungua, wakahisi baridi kila wakati, wakawa wepesi wa hasira, na mazungumzo yao yakawa ni chakula tu. Miili yao ilibana matumizi kama nyumba iliyopungukiwa na kipato.

Mwaka 2016, watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 14 walioshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito kwa njia kali. Miaka sita baada ya shindano, wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Tusimkaribishe aliyekwama katika mashindano ya namna hiyo ndani ya nyumba yake, wala katika vidonge na majani ya kuharisha yanayouzwa mitaani kwa jina la dawa ya kupunguza mwili. Kinachotoka kwa kuharisha ni maji, na maji hurudi.

Hesabu inayosahaulika

Hata hivyo, si kila kukwama kunatokana na mwili peke yake. Mwaka 1992, katika utafiti uliofanyika New York, walichunguzwa watu 10 waliosema kwamba wanakula kidogo mno lakini hawapungui. Kwa vipimo maalumu ikabainika kuwa walikuwa wakila karibu maradufu ya walichoandika, na miili yao haikuwa na kasoro ya kutumia nishati. Hawakukusudia kusema uongo. Binadamu husahau.

Binti wa mama yetu, aliyeko kidato cha tatu, alimpa daftari moja la shule akamwomba aandike kila kinachoingia kinywani kwa siku saba. Siku ya nane wakalisoma pamoja. Sahani zake za chakula zilikuwa za kiasi, kama alivyodai. Tatizo lilikuwa kati ya sahani na sahani. Kulikuwa na vijiko vya kuonja mchuzi, na mabaki ya wali wa watoto wadogo, ambayo huyamalizia kwa kuwa kutupa chakula ni makosa. Mara mbili alikunywa chai ya maziwa yenye sukari msibani, akiona aibu kuikataa. Mafuta nayo aliyamimina kutoka kwenye chupa kwa makadirio ya mkono uliozoea kupikia watu saba.

Kila kimoja kilikuwa kidogo. Vikikusanywa, vilitosha kuziba pengo lote.

Chungu kimoja, watu wengi

Hapa ndipo suala la uzito linapoacha kuwa la mtu mmoja. Mama anayepika chungu kimoja kwa ajili ya wote hawezi kujipikia chungu cha pili kila siku, na akijaribu atachoka. Aidha, katika mila zetu chakula ni lugha. Mume wake, kwa miaka 26 ya ndoa, amekuwa akirudi kila Alhamisi na mkate wa kumimina anaoupenda mkewe. Aliendelea kuuleta hata baada ya kliniki, naye mkewe akaendelea kuula, kwa kuwa kukataa mkate huo kulionekana kama kukataa mapenzi.

Daftari lilipowekwa mezani, mzee huyo alisoma kimya, kisha akasema: "Kumbe na mimi nimo humu." Tangu wiki ile huleta papai au machungwa. Wakakubaliana kuwa wali wa nazi na mchuzi wa tui viwe vya siku mbili kwa wiki, siku nyingine mboga ipikwe kwa nyanya na vitunguu. Mafuta yakaanza kupimwa kwa kijiko. Watoto wadogo wakafundishwa kujipakulia kidogo na kurudia, ili mabaki yasiwepo.

Msomaji atakumbuka pia futari. Wapo wanaotarajia kuwa Ramadhani itawapunguza, wakashangaa wanapomaliza mwezi na kilo zaidi. Saumu ni ibada, si mpango wa kupungua. Kalimati, sambusa na mihogo ya nazi vikiliwa kila usiku, mwili utavihesabu kama mwezi mwingine wowote.

Mambo ya kufanya

Kwanza, subiri kabla ya kuhukumu. Chumvi nyingi, hedhi na choo kigumu huweza kuficha kupungua kwa siku kadhaa. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile na wakati uleule, na usiseme umekwama mpaka zipite wiki nne. Pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, kwani huenda kikapungua ilhali kilo zimesimama.

Pili, andika kwa siku saba, bila kujilaumu.

Tatu, panga upya sahani: nusu iwe mboga kama mchicha, matembele au bamia, robo iwe samaki, dagaa, mayai, maharage au choroko, robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali au chapati. Vyakula vya protini hushibisha kwa muda mrefu na huilinda misuli.

Nne, ongeza kazi ya misuli. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kuinuka na kuketi kitini mara kumi, kupumzika na kurudia, au kusukuma ukuta kwa mikono, ni mwanzo mzuri wala hauhitaji kutoka nyumbani.

Tano, lala vya kutosha. Anayekesha hupata njaa zaidi siku inayofuata.

Sita, rudi kwa daktari ikiwa uzito unapanda bila sababu, unachoka kupita kiasi au umevimba miguu. Tezi ya shingoni ikilegea, uzito huweza kuongezeka. Vilevile baadhi ya dawa, kama insulini na dawa za jamii ya steroidi, huweza kuongeza uzito. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Na anayetumia dawa za kisukari asipunguze chakula kwa ghafla bila ushauri, kwani sukari inaweza kushuka hadi kiwango cha hatari.

Kilo tisa si bure

Tumrudie mama wa Ngamiani na kauli yake ya "najinyima bure". Watafiti wa maumivu ya magoti wameonesha kwamba kila kilo inayopungua huondoa takriban kilo nne za mzigo juu ya goti katika kila hatua. Kwa kilo tisa, hizo ni kilo 36 katika kila hatua ya kwenda sokoni na kurudi. Na katika utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kufanya mazoezi walipunguza uwezekano wa kuupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Yeye amepunguza zaidi ya asilimia 9.

Alirudi kliniki akiwa na kilo zilezile 87. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka, na sukari imerudi chini ya mpaka. Muuguzi alimweleza kuwa kukaa wiki saba bila kupanda ni kazi, tena ngumu kuliko kushuka.

Ijumaa iliyopita mizani ilisoma kilo 86 na nusu. Binti aliandika tarehe katika daftari. Mama akashuka, akaenda jikoni kuteleka chai, na katika kikombe chake akatia kijiko kimoja.