Kabla ya Kupiga Kambi, Tazama Mlima na Ziwa

Kila mwaka wavuvi wengi wa Kigoma huacha nyumba zao kwa muda. Huchukua nyavu, taa, sufuria na mikeka. Huenda ufukoni kupiga kambi ya dagaa. Wengine huenda na wake zao na watoto.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Maneno hayo ni ya kweli shambani. Lakini katika uvuvi, asiyechagua mahali pa kambi anaweza kupoteza mali yake, na hata maisha yake.

Mimi mwenyewe nilikosea

Mimi ni bwana shamba. Miaka kadhaa iliyopita, wavuvi wa kikundi kimoja waliniomba niwasaidie kuchagua mahali pa kambi, kusini mwa Ujiji. Niliona mdomo wa mto mdogo. Mahali palikuwa tambarare. Maji yalikuwa karibu. Nikasema, "Hapa pazuri."

Mzee mmoja alitazama chini. Akasema, "Bwana shamba, mawe haya hayakuzaliwa hapa." Sikumwelewa. Vibanda vikajengwa.

Mwezi wa Novemba, usiku, mto ulijaa ghafla. Pale kambini haikunyesha hata tone moja. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani. Maji yalichukua vibanda, magunia ya dagaa na wavu uliokuwa bado una deni. Mama mmoja alipanda juu ya mti na mtoto wake mgongoni. Walikaa huko mpaka asubuhi. Hakufa mtu. Lakini deni la wavu lile lililipwa kwa miaka miwili.

Ndipo nilipomwelewa mzee. Mawe yale yaliletwa na mto. Mto ulioleta mawe jana utaleta mengine kesho.

Ndugu msomaji, usirudie kosa langu. Fuata mambo haya sita.

1. Tazama mlima

Pwani yetu ni nyembamba. Milima inasimama karibu sana na maji. Ukiona mawe makubwa na magogo katika bonde, jua kwamba hiyo ni njia ya maji. Usijenge hapo. Jenga kando, mahali palipoinuka.

Tazama pia mteremko wa juu. Je, una miti? Mizizi hushika udongo. Mteremko uliokatwa miti yote huweza kuporomoka wakati wa masika. Kwa hiyo, usikate miti iliyo juu ya kambi yako kwa kuni. Unakata ukuta wa nyumba yako.

2. Tazama ziwa

Ziwa Tanganyika halikai mahali pamoja. Mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji, maji yalikuwa karibu na mahali pale. Mwaka 1878 maji yalifungua njia ya mto Lukuga, upande wa Kongo. Ziwa likashuka sana. Leo ukisimama penye ukumbusho wa Ujiji, ziwa liko mbali. Lakini mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda tena. Likaingia katika nyumba za watu waliojenga ufukoni.

Hata katika mwaka mmoja, ziwa hupanda na kushuka. Kwa kawaida huwa chini karibu na Oktoba. Huwa juu karibu na Mei. Ukipiga kambi mwezi wa Oktoba, usidanganywe na mchanga mpana. Tafuta mstari wa takataka na vijiti vilivyoachwa na mawimbi. Jenga juu ya mstari huo.

3. Tazama upepo na jua

Wakati wa kiangazi upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Tafuta ghuba yenye rasi upande wa kusini. Rasi hiyo itakinga mitumbwi.

Kisha fikiri juu ya jua. Milima yetu iko upande wa mashariki. Chini ya mlima mrefu, jua hufika ufukoni kwa kuchelewa. Dagaa wanahitaji jua mapema. Tafuta mahali ambapo bonde limefunguka na jua hufika asubuhi. Lakini kumbuka: kaa pembeni mwa bonde, si katika njia ya maji.

Anika dagaa juu ya kichanja, si juu ya mchanga. Hewa hupita juu na chini, nao hukauka upesi. Dagaa wasio na mchanga hupata bei nzuri.

4. Maji na choo

Mwaka 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walifika Kagunga. Kijiji hicho kimebanwa kati ya mlima na ziwa. Watu walikuwa wengi. Vyoo havikutosha. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu 30 hivi. Meli ya Liemba ilibeba watu kuwapeleka Kigoma.

Kambi ya dagaa ni ndogo, lakini ugonjwa ni ule ule. Chimba choo siku ya kwanza, kabla ya kuanika dagaa. Kiwe mbali na maji, hatua 40 au zaidi. Kisiwe upande wa juu wa mahali mnapochota maji. Chemsha maji ya kunywa. Nawa mikono kwa sabuni.

5. Wanyama na wadudu

Epuka matete na maji yaliyotulia. Mamba na viboko hupenda kukaa huko. Konokono wa kichocho pia huishi huko. Lala ndani ya chandarua.

6. Sheria

Gombe ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1968. Mahale ni Hifadhi tangu mwaka 1985, pamoja na sehemu ya ziwa iliyo mbele yake. Usipige kambi humo bila kibali. Kwanza nenda kwa serikali ya kijiji na kikundi cha BMU. Uliza kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane.

Ndugu msomaji, mahali pazuri hapachaguliwi kwa dakika moja. Tembea mchana. Uliza wazee. Wao wameona mto ukijaa na ziwa likipanda. Mzee akisema neno usilolielewa, usiondoke. Muulize tena. Mimi sikuuliza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mto huweza kujaa mahali ambapo mvua haikunyesha?
2. Katika kijiji chenu, maji ya ziwa yalifika wapi mwaka 2020 na 2021?
3. Kambi yenu ina choo? Kiko umbali gani na maji?