Mwili ukigoma: kutafuta kazi halali ya nyumbani Kimironko

Soko la Kimironko, wilayani Gasabo jijini Kigali, ni mahali pa watu wenye miguu imara. Muuza ndizi husimama nyuma ya meza yake tangu asubuhi. Mchukuzi hupenya katikati ya wateja na gunia kichwani. Mafundi cherehani, wanaoshona vitenge vilivyonunuliwa vibanda vichache kutoka walipo, huinamia mashine zao mpaka jioni. Nje, waendesha pikipiki za abiria hushinda juani na mvuani. Kazi hizi zote humdai mtu nguvu kabla ya kumpa pesa. Basi mtu akivunjika nyonga, au akianza kusafishwa damu kwa mashine, au akiambiwa na daktari wa Hospitali ya Kibagabaga, iliyo katika sekta hiyohiyo ya Kimironko, kwamba mgongo wake usibebe tena mzigo, anajikuta hana pa kurudi.

Mwenye ajira rasmi ana nafuu kidogo. Kanuni za kazi za Rwanda zinatambua likizo ndefu ya ugonjwa isiyozidi miezi 6, na mshahara hulipwa katika miezi 3 ya kwanza tu. Muuza nyanya na fundi wa kujitegemea hawana likizo ya aina hiyo. Siku wasiyofika sokoni ni siku isiyo na mauzo.

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 391,775 wenye ulemavu nchini Rwanda, wa umri wa miaka 5 na kuendelea, sawa na asilimia 3.4 ya watu wa umri huo. Hesabu hiyo haiwagusi wengi ambao hawajioni kuwa na ulemavu ila mwili wao haukubali tena saa 8 za kusimama: mwenye pumu inayoamshwa na vumbi, mwenye selimundu, mama aliyejifungua kwa upasuaji mgumu. Hao ndio wanaouliza, kwa majirani na kwenye simu, kama kuna kazi ya kufanyia nyumbani.

Kazi hizo zipo, na hazikuanza na kompyuta. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba mwaka 2019, kabla ya korona, watu wapatao milioni 260 duniani walifanyia kazi zao nyumbani. Miongoni mwao walikuwamo washonaji, wasukaji na watunga shanga. Rwanda inaijua habari hiyo vizuri. Vikapu vya agaseke vilivyosukwa na wanawake vijijini vilianza kuuzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani mwaka 2005, kupitia kampuni ya Gahaya Links ya ndugu wawili, Joy Ndungutse na Janet Nkubana. Hata serikali imelegeza kidogo: tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na mfanyakazi anaweza kufanya kazi kati ya saa 2 na saa 3 bila kulazimika kuwa ofisini.

Hata hivyo, kazi kufanyika nyumbani hakumaanishi kwamba inamfaa mgonjwa. Kinachoamua ni kipimo cha malipo. Chukua mtu anayesafishwa damu. Kwa kawaida huenda hospitali mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara, na akirudi huwa amechoka. Akipewa kazi ya kupokea simu za wateja wa kampuni, hata kama simu hizo anazipokea akiwa sebuleni kwake, bado anatakiwa awepo zamu nzima, na mashine inahesabu dakika alizokuwa kimya. Mtu huyohuyo akipewa kutafsiri kurasa 10 ndani ya siku 5, anaweza kufanya kurasa 4 siku ya nafuu na kulala siku ya maumivu. Mteja atahesabu kurasa tu. Kwa hiyo swali la kwanza la mgonjwa anayetafuta kazi liwe hili: nitalipwa kwa saa nilizokaa au kwa kazi niliyomaliza?

Kwa kipimo hicho, lugha ni mtaji mzuri Kimironko. Kijana wa hapo anaweza kuwa na Kinyarwanda cha nyumbani, Kiingereza cha shule, Kifaransa cha wazazi na Kiswahili alichokitoa Goma, Kampala au Dar es Salaam. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha yake ya kazi. Mwenye lugha mbili anazoziandika bila kubabaika anaweza kutafsiri, kuandika maneno yaliyorekodiwa kwenye mahojiano ya watafiti, kuweka maandishi chini ya video, au kumfundisha mgeni kwa njia ya video.

Kinyarwanda nacho kimepata soko jipya. Mwaka 2019 kampuni ya Digital Umuganda ya Kigali ilianza kukusanya sauti za Kinyarwanda kwa ajili ya mradi wa Common Voice wa Mozilla, ili mashine zijifunze kuielewa lugha hiyo. Zimepatikana saa zaidi ya 2,000 za sauti, na Kinyarwanda kimekuwa miongoni mwa lugha zenye hazina kubwa kabisa katika mradi huo. Waliosoma sentensi hizo walijitolea bure. Lakini kazi za jinsi hiyo, za kurekodi, kusikiliza na kusahihisha, sasa kuna kampuni zinazozilipia, na mtu anaweza kuzifanya amelala kitandani na simu mkononi. Ubaya wake ni kwamba haziaminiki kudumu. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililogawa kazi kama hizo mtandaoni, liliondoka Kenya ghafla, na waliokuwa wakilitegemea wakaamka wamefungiwa. Kazi ya aina hiyo inafaa kuwa nyongeza, na haifai kubeba kodi ya nyumba.

Mteja salama kuliko wote huenda yuko mita 200 tu kutoka mlangoni. Wafanyabiashara wa Kimironko wanatakiwa kutoa risiti za EBM, mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, na kuwasilisha hesabu zao za kodi kwa wakati. Wengi hawana muda wala mazoea ya kuketi na karatasi. Aliyesomea uhasibu na ambaye miguu imemkatalia anaweza kuwatunzia hesabu watu 5 au 6, karatasi zikaletwa na mtoto na malipo yakaja kwa MoMo, yaani pesa za simu. Fundi aliyeumia mgongo naye anaweza kuacha kushona kanzu nzima, akachukua kazi ndogondogo: vifungo, pindo, kutarizi, kupunguza nguo zilizopwaya. Mwenzake aliyebaki sokoni anapokea nguo na kugawana naye bei. Kazi kama hizi hazitangazwi popote. Hupatikana kwa kuuliza, na zina faida ambayo intaneti haina: mteja asipolipa, anajulikana kwake ni wapi.

Upande wa pili kuna walaghai, na wao wanamjua mgonjwa kuliko waajiri wanavyomjua. Wanajua ana muda, ana madeni ya dawa, na anaona aibu kuomba. Ujumbe huingia WhatsApp kutoka namba ya ng'ambo: kazi ya nusu saa kwa siku, bonyeza kitufe cha kupenda video, ulipwe leo hii. Na kweli malipo ya kwanza huja, faranga elfu kadhaa. Halafu mhusika huhamishiwa kwenye kundi la Telegram ambako wenzake wote wanajisifu kwa mapato yao. Kisha huambiwa aweke pesa kidogo ili apate kazi za daraja la juu. Anapotaka kuzitoa, anadaiwa ada ya kuzifungua, kisha kodi, kisha adhabu ya kuchelewa, mpaka mfuko unakauka.

Afrika Mashariki imeyaona hayo mara nyingi. Mwaka 2022 Wakenya walipoteza pesa katika programu ya simu iliyojiita Amazon Web Worker Africa, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na Amazon yenyewe. Nchini Tanzania, mpango wa mtandaoni wa Kalynda ulianguka mwaka 2023 na watu wakabaki wakilia. Februari 2025 polisi wa nchi hiyo walikamata watu katika mikoa kadhaa kwa sababu ya LBL, mpango uliowatoza watu kiingilio na kuwaahidi malipo ya kutazama matangazo mtandaoni. Majina hubadilika ila mtambo ni uleule: pesa inayolipwa leo imetoka mfukoni mwa aliyejiunga jana, na watu wapya wakipungua, kila kitu husimama.

Njia ya kuutambua ulaghai ni kufuata mwendo wa pesa. Mwajiri wa kweli ananufaika na kazi, kwa hiyo lazima kuwe na mtu anayeitumia: msomaji wa tafsiri, mvaaji wa nguo, mwanafunzi wa lugha. Hakuna mtu duniani anayehitaji video yake ipendwe na mgonjwa wa Kimironko kiasi cha kumlipa mshahara. Anayeomba ada ya usajili, ya mafunzo au ya fomu kabla ya kazi kuanza ameshajionyesha. Vivyo hivyo anayetaka namba ya siri ya MoMo, au anayeomba kutumia akaunti ya mtu kupitishia pesa za wengine. Huyo wa mwisho ni wa hatari zaidi, kwa sababu mwenye akaunti ndiye atakayeitwa kujibu.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi: majukwaa halali ya kazi za mtandaoni nayo hukata pesa. Fiverr huchukua asilimia 20 ya kila malipo. Preply, linalounganisha walimu wa lugha na wanafunzi, huchukua malipo yote ya somo la kwanza kwa kila mwanafunzi mpya, kisha asilimia 33 inayoshuka hadi 18 kadiri mwalimu anavyoongeza saa. Upwork huuza tiketi za kuombea kazi. Tofauti ni kwamba makato haya yameandikwa wazi, na sehemu kubwa hukatwa kwenye pesa iliyokwisha kulipwa na mteja. Hata hivyo yanauma. Mwalimu anayetoza dola 10 kwa saa na kukatwa asilimia 33 hubaki na dola 6.70. Kwa hiyo bei ipangwe makato yakiwa yamehesabiwa, pamoja na intaneti na umeme wa Cashpower. Fiverr pia huweza kuishikilia pesa kwa siku 14 baada ya kazi kukamilika, na dawa haisubiri wiki mbili. Kabla ya kazi ya kwanza, mtu ahakikishe njia ya malipo inayotumiwa na jukwaa inafika kwenye benki au simu yake akiwa Rwanda.

Je, mtu aseme kwamba ni mgonjwa? Kwa mteja wa kazi ya kipande, hana sababu ya kulazimika. Anachotakiwa ni kuomba muda ulio mrefu kidogo kuliko anaouhitaji, ili siku mbaya zisiharibu ahadi. Kwa mwajiri wa kudumu mambo ni tofauti, kwa kuwa akijua anaweza kumbadilishia saa au vifaa. Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unaitaka nchi ihakikishe kwamba mwajiri anafanya marekebisho yasiyomtwisha mzigo kupita kiasi. Kwa asiyeona, programu ya NVDA husoma kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta na haiuzwi. Simu nyingi za Android zina TalkBack tayari.

Mkataba nao una uzito. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 hairuhusu ajira ya makubaliano ya mdomo kupita siku 90 mfululizo, na kufanyia kazi nyumbani hakumpunguzii mtu haki hiyo akiwa ni mwajiriwa. Anayejitegemea ajilinde kwa ujumbe ulioandikwa: kazi ni ipi, bei gani, mwisho lini, na nusu ya malipo itangulie kazi ikiwa kubwa. Mwenye wateja wa kudumu anaweza kusajili biashara kwa RDB, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, mtandaoni bila ada, akapata namba ya mlipa kodi na kuweza kuomba kazi za kampuni na mashirika. Kwa akiba ya uzeeni upo mpango wa EjoHeza, ulioanza mwaka 2018 hasa kwa ajili ya wasio na mwajiri, na mtu hujiunga kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *506#.

Nafasi za ajira zenye waajiri wanaojulikana hutangazwa kwenye tovuti ya Job in Rwanda. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPD, na NUDOR, muungano wa mashirika ya watu wenye ulemavu, ni mahali pa kuulizia mafunzo na haki. Aliyekwisha kutuma pesa kwa walaghai asifute mazungumzo kwa aibu: apige picha za skrini, aandike namba na tarehe za miamala, aijulishe kampuni ya simu mara moja, kisha apige 166, namba ya bure ya Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB.