Mitambo ya Jukwaani (3): Miksa Husingiziwa

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia maikrofoni na spika. Leo tunaingia katikati yao, kwenye miksa, pamoja na kitu ambacho mafundi mitambo wengi hukikumbuka mambo yakishaharibika: umeme.

Nianze na harusi moja. Bendi imeshajipanga, wageni wanaingia, na spika zinavuma kama mzinga wa nyuki. Kijana aliyekuwa kwenye mitambo akashusha sauti ya chaneli zote mpaka chini. Mvumo uko palepale. "Mzee, miksa imekufa," akaniambia, na tayari alikuwa amemtuma mwenzake akaazime nyingine. Nikamuuliza umeme wa miksa unatoka wapi. Kumbe ulitoka jikoni, soketi moja na friza, ilhali amplifaya zilichomekwa nyuma ya jukwaa. Tukavuta waya wa umeme kutoka jukwaani mpaka kwenye meza ya miksa, tukachomeka upya. Kimya. Miksa ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Kijana yule alikuwa na ushahidi mkononi asiusome. Ukishusha chaneli zote mvumo ukakatika, ujue unaingilia kwenye maiki au vyombo. Usipokatika, tatizo liko mbele ya chaneli, mara nyingi kwenye njia ya kutoka miksa kwenda kwenye amplifaya.

Unaingiaje? Kila kifaa chenye plagi ya pini tatu kimeunganishwa na ethi. Lakini ethi ya soketi ya jikoni na ya soketi ya jukwaani hazilingani kabisa. Huwa kuna tofauti ndogo ya volti. Ukiunganisha miksa na amplifaya kwa waya wa sauti, wavu wa shaba unaouzunguka waya huo hugeuka daraja, na mkondo mdogo hupita juu yake. Umeme wetu hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na ndiyo sababu sikio husikia mvumo mzito wa 50 na wa 100. Hicho ndicho kitanzi cha ethi.

Kuna dawa ya mkato ambayo naiomba jamii ya mafundi iiache: kukata waya wa ethi, au kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kutanguliza kalamu kwenye tundu la juu. Mvumo hutulia, kweli, lakini sasa hitilafu ikitokea ndani ya amplifaya ya gitaa, umeme hauna pa kwenda ila mwilini mwa mtu anayeshika nyuzi huku midomo ikigusa maiki. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifia jukwaani hivyo mjini Swansea, Wales, Mei 1972.

Dawa halali ni tatu. Kwanza, miksa na jukwaa vile chungu kimoja, yaani chanzo kimoja cha umeme. Pili, tumia waya za XLR: ndani yake sauti hupita kwenye nyaya mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine, na kifaa kinachopokea huchukua tofauti yao. Uchafu unaoziingia zote mbili kwa kiasi kilekile hujifuta. Tatu, kinanda na kompyuta vipitie DI yenye transfoma.

Sasa tufungue miksa yenyewe. Volti 230 za ukutani hazifiki kwenye sauti. Pawa saplai huzishusha hadi volti 15 au 18 hivi, chanya na hasi, kwa ajili ya saketi. Kisha hutoa volti 48 za maikrofoni za kondensa. Hiyo 48 ina historia yake. Mwaka 1966 kampuni ya Neumann iliwatengenezea NRK, shirika la utangazaji la Norway, maikrofoni zinazolishwa kupitia waya uleule wa sauti. Na majengo ya NRK tayari yalikuwa na volti 48 za taa za dharura. Desturi ikabaki.

Miksa kubwa za analogi, kama Yamaha PM4000, ziliwekewa pawa saplai nje, kwenye sanduku lake, kwa sababu transfoma iliyo karibu na saketi za maiki huzipandikizia mvumo. Miksa za kidijitali nazo zina udhaifu mwingine: umeme ukikonyeza tu, zinaanza kuwaka upya, na ukumbi mzima unasubiri. Kwa hiyo iwekee miksa UPS. Amplifaya usizichomeke humo, zitaimaliza betri.

Lipo pia suala la waya mwembamba. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, wenye urefu wa mita 50, kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 1.2 hivi. Besi ikipiga na amplifaya zikavuta ampea 15, volti 18 zinapotelea njiani. Taa za miksa zikicheza na ngoma, sababu ni hiyo. Na waya huo usiuache umeviringwa kwenye gurudumu lake; utachemka.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye jenereta la fezi tatu. Nyutro ikilegea, volti 400 za kati ya fezi na fezi hugawana vifaa vyako bila usawa: upande mmoja taa hufifia, upande mwingine pawa saplai huungua kabla hujaifikia swichi. Hivyo kaza nyutro, halafu pima kila soketi kwa mita kabla ya kuchomeka chochote.

Kuwasha nako kuna adabu yake: miksa kwanza, amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya ndizo zitangulie. Ukigeuza utaratibu huo, mshindo wa miksa kuwaka au kuzima utapita wote kwenye spika.

Wiki ijayo: namna ya kuyahesabu mahitaji ya umeme ya bendi nzima kabla ya kukodi jenereta.

Itaendelea