Poka: Mwenye kujua kutupa kadi ndiye hubaki na nauli

Kama umekulia kadi ya mtaani, ile ya kuruka watu kwa J na kutangaza "niko kadi", poka itakusumbua mwanzoni. Si eti ni ngumu sana. Ni vile kadi ya mtaani imekuzoesha kucheza kila zamu: unayo inayofanana, unaiweka, huna, unaokota. Poka ya Texas Hold'em, ambayo wengi wetu tumeijulia kwenye simu, inataka kinyume. Mara nyingi unafaa kutupa kadi zako mbili, unyamaze na unywe soda yako.

Hapo ndipo ganji ya vijana wengi huisha, maze. Wanalipia kila kitu.

Hebu tuhesabu. Unapewa kadi mbili za siri, kisha tano za wote zinafunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, moja, halafu moja. Kila hatua ina dau lake. Kupewa A mbili ni mara moja kwa kila 221. Jozi yoyote ile, mara moja kwa 17. Ina maana mengi utakayopewa ni takataka. K na 4 ni kadi mbili zimekutana tu stejini, haziendi mahali pamoja. Na usiniambie "lakini zote ni kopa!" Ukiwa na kopa mbili, nafasi ya zile tatu za kwanza mezani kuwa kopa zote haifiki hata asilimia 1.

Meza ikiwa na watu tisa, anza na jozi kubwa, A na K, A na Q. Zingine zinategemea umekaa wapi, na hili watu hulipuuza sana. Wa mwisho kuamua ameshaona wenzake wamefanya nini. Ni kama kununua jaketi Gikomba: anayetaja bei kwanza ameshajianika. A na 9 ukiwa wa kwanza kuamua, tupa. A na 9 hizo hizo ukiwa wa mwisho na wengine wote wametoka, pandisha dau bila wasiwasi.

Sasa hesabu yenye faida kuliko zote. Mezani kuna Sh300. Una kopa nne, unangoja ya tano, na imebaki kadi moja kufunuliwa. Kuna kadi 46 hujaziona, na 9 kati yake ni kopa. Hiyo ni karibu asilimia 20. Msee akiweka Sh300, unaombwa ulipe Sh300 ili upate Sh600. Ili isikule hasara, ungehitaji kushinda mara moja kwa kila tatu, na wewe una mara moja kwa tano. Tupa. Akiweka Sh50, unalipa 50 kufukuza 350. Lipa, hata kopa isipokuja. Kadi ni zile zile. Bei ndiyo imebadilika.

Kutishia watu kwa dau kubwa na huna kitu? Sinema zimetuharibu. Mtu anayelipia kila dau hatishiki, kwa hivyo mngoje ukiwa na kadi kali kisha umtoze.

Halafu pesa yenyewe. Hata A mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye kadi zozote hupoteza takriban mara 15 kwa 100. Utapigwa na jamaa wa 7 na 2, na utataka kurudisha pesa hapo hapo. Inuka, utoke nje kidogo. Ukiwa na Sh2,000 ambazo ukizikosa utalala sawa, usipeleke zaidi ya Sh100 kwa meza moja. Kodi na HELB si mtaji. Ndiyo, 2003 mhasibu Mmarekani Chris Moneymaker alishinda dola milioni 2.5 kwenye World Series of Poker, lakini washiriki walikuwa 839 na waliobaki wewe huwajui majina.

Anzeni na pakiti moja ya kadi na vifuniko vya soda. Kila mara ukilipia dau, andika: ulikuwa na kadi gani, umekaa wapi, ulilipa ngapi kufukuza ngapi. Kama ulishinda au la, wiki hizi za kwanza usijisumbue kuandika.