Uwekevu wa Chungu cha Mahindi na Maharagwe, na Mpaka Wake

Watu wengi wa Kenya walimao mahindi wana jina lao la chakula kile cha mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Wakikuyu hukiita githeri, Wakamba isyo, Wajaluo nyoyo. Kiswahili kina neno lake, pure, na Tanzania wengi husema kande. Vijana kadha wa mjini hukidharau kwa sababu kinawakumbusha chakula cha shule. Dharau hiyo haina msingi, kwani ni vyakula vichache vya bei ndogo vinavyoulisha mwili vizuri kama hiki.

Yafaa ijulikane sababu. Mwili hujengwa kwa protini. Mahindi yanayo, lakini protini yake imepungukiwa na sehemu moja iitwayo laisini, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Maharagwe yana laisini tele, ila nayo yamepungukiwa na methionini, ambayo imo katika mahindi. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hufidia upungufu wa mwenziwe. Wazee hawakuyajua majina haya, lakini hata kabla ya mahindi kuenea katika nchi yetu walikuwa wakila mtama na uwele pamoja na kunde, mbaazi au choroko. Tena katika pure punje huliwa nzima, pamoja na kiini chake. Mashine itoayo unga mweupe sana huondoa kiini na ganda, na sehemu kubwa ya vitamini hupotea navyo. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewalazimisha wenye viwanda kutia vitamini na madini katika unga wa paketi.

Husemwa kwamba pure humaliza kuni. Ni kweli kwa mpishi asiyeloweka. Maharagwe makavu na mahindi makavu yakilala majini usiku kucha, muda wa kuyachemsha hupungua sana. Mama mwekevu huchemsha mengi kwa moto mmoja, kisha siku ya kwanza hukaanga sehemu kwa kitunguu na nyanya, na siku ya pili huponda nyingine pamoja na viazi na majani ya malenge, ikawa mukimo. Katika miji wako wanawake wanaouza sokoni pure iliyokwisha kuchemshwa, kwa kipimo, na mtu anayepikia gesi au makaa katika chumba kimoja huona upesi faida ya kununua kwao.

Lakini uwekevu huu wote hutegemea jambo moja, nalo ni ukavu wa mahindi ghalani.

Mwaka 2004 jambo hilo lilidhihirika kwa msiba mkubwa. Katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika watu walianza kuugua, macho yakigeuka manjano. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao walikufa. Ini lao lilikuwa limeharibiwa na sumu iitwayo aflatoksini, ambayo Tanzania huitwa sumukuvu. Mavuno yalikuwa haba kwa ukame, na mvua ilinyesha nje ya majira yake wakati wa kuvuna. Watu, wakiogopa wezi, waliyaingiza mahindi ndani ya nyumba wanamolala kabla hayajakauka, badala ya kuyaweka ghalani penye hewa. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wakilinda kile kidogo walichonacho, na kidogo hicho ndicho kilichowaua. Wala halikuwa tukio la kwanza: mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 waliingia hospitali kwa sababu hiyo hiyo, na 12 wakafa.

Sumu hii hutokana na kuvu ambayo makao yake ni udongo. Haipotei kwa kuchemsha wala kwa kusaga, na punje yaweza kuwa nayo bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi haanguki ghafula, lakini hujiweka katika hatari ya saratani ya ini. Wataalamu wamechunguza muthokoi, yaani mahindi ambayo Wakamba huyatwanga kinuni mpaka ganda litoke kabla ya kuyapika na maharagwe au kunde, wakaona kwamba kutwanga huko huondoa karibu nusu ya sumu. Hiyo ni sifa kubwa kwa chakula cha kale, lakini nusu ya sumu nyingi ingali sumu.

Basi mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, yasiguse udongo, na yaingizwe kabla ya umande. Yanapohifadhiwa, maji ndani yake yasizidi sehemu 13 katika 100. Mkulima asiye na chombo cha kupimia aweza kutumia chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Atie mahindi mpaka theluthi ya chupa, aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, aifunge na kuitikisa vizuri, kisha aiache kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi hayajakauka, yarudishwe juani. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa kuua fukusi, na hata yule dumuzi aliyeingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini haikaushi kitu. Mahindi mabichi yakifungwa humo yataharibika humo humo.

Jambo gumu kuliko yote ni kutupa. Mama aliyebakiwa na gunia moja, na mvua iko mbali, hawezi kuambiwa kwa maneno mepesi kwamba alimwage. Kwanza achague kwa mkono: punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au kusinyaa ziondolewe, kwa kuwa mara nyingi sumu nyingi huwa katika punje chache. Afadhali saa mbili za kuchagua kuliko kupoteza gunia zima. Lakini mahindi yaliyoota ukungu gunia lote hayafai kuchaguliwa. Yafukiwe mbali na mifugo. Yasiuzwe, yasitengenezwe pombe, wala yasitupiwe kuku na bata, ambao huugua kwa sumu hiyo hiyo. Ng'ombe wa maziwa akilishwa, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa yake, na kuyachemsha maziwa hayo hakuiondoi.