Mpelelezi Aliyeoka Pai Usiku

Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katika mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina, kulikuwa na mwanamke mfupi aliyeshinda kutwa akiwauguza askari wa Kaskazini waliokuwa wakifa kwa kuhara damu. Aliwachemshia mizizi ya dawa, akawaosha vidonda, akawafukuzia nzi. Usiku alirudi kibandani kwake, akawasha moto na kuanza kazi ya pili: pai zipatazo 50, mikate ya tangawizi na mapipa mawili ya kinywaji cha mizizi. Kulipokucha mtu aliyelipwa naye alivipitisha kambini kuviuza, yeye akarudi kwa wagonjwa. Mwanzoni jeshi lilimpa posho ya chakula kama askari wengine. Watu waliotoka utumwani juzijuzi waliponung'unika kwamba anapendelewa, aliikataa posho ile, akajilisha kwa jasho la usiku.

Mwanamke huyo ni Harriet Tubman, na tunamfahamu zaidi kwa jambo jingine. Alizaliwa mtumwa huko Maryland karibu mwaka 1822, akatoroka mwaka 1849, kisha akarudi mara zipatazo 13 na kuwatoa watu wapatao 70. Hayo yameandikwa sana, na yanastahili. Linalonisikitisha ni kwamba katika masimulizi mengi yumo porini na bastola mkononi, huku yule mwanamke wa sindano, sabuni na unga akiachwa nje, kana kwamba kazi za nyumbani zingempunguzia ushujaa. Kwangu mimi, vita vyake na nyumba yake vilikuwa kazi moja.

Kazi za mikono za nyumbani hakuzipenda mwanzoni. Akiwa bado mtoto mdogo alikodishwa kwa familia ambayo mama mwenye nyumba alikuwa mfumaji, ili ajifunze kufuma. Hakujifunza. Wakamtuma kukagua mitego ya panya wa majini, akitembea ndani ya maji ya baridi huku anaumwa surua. Sindano aliishika kwa hiari yake baadaye, alipokaribia kuolewa na John Tubman mwaka 1844. Alijishonea mfarishi wa viraka, kwa vidole vilivyozoea shoka na kamba za ng'ombe. Inasimuliwa kwamba alipotoroka alimpa mfarishi huo mwanamke wa Kizungu aliyemwelekeza nyumba ya kwanza ya kujificha. Mtu asiyemiliki hata mwili wake alitoa kitu kizuri alichojitengenezea mwenyewe. Nadra sana kuona jambo hilo likipewa uzito wake.

Imani yake nayo ilikuwa ya kila saa. Alipokuwa binti, msimamizi wa watumwa alimrushia mtumwa mwingine jiwe la mizani lenye uzito wa karibu kilo moja. Likampiga yeye na kumpasua fuvu. Tangu hapo usingizi ulimchukua ghafla hata katikati ya mazungumzo, na ndoto zilizomjia aliziamini kuwa sauti ya Mungu. Thomas Garrett, Mkweka wa Wilmington aliyewasaidia watoro wengi, aliandika kwamba hajapata kukutana na mtu mwenye imani kubwa kuliko hiyo katika sauti ya Mungu. Sala zake hazikuwa za kupamba. Alimwombea bwana wake abadilike moyo; aliposikia kwamba yeye Harriet atauzwa kusini, akaomba bwana huyo afe. Bwana yule alipofariki mwaka 1849, Harriet alijuta, akasema angetoa chochote alichonacho ili kumrudisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863, Harriet, ambaye jeshini alikuwa pia mpelelezi, aliandamana na Kanali James Montgomery na askari weusi wa South Carolina kwa boti za kivita kwenye Mto Combahee. Wapelelezi wake walikuwa wamekwisha kuuchunguza mto na kujua mabomu ya majini yalikotegwa. Maghala ya mpunga na majumba ya wenye mashamba yalichomwa moto, na zaidi ya watumwa 700 wakakimbilia kwenye boti. Alipolisimulia tukio hilo baadaye, Harriet alieleza zaidi vitu vya nyumbani: mwanamke aliyekuja na chungu cha wali kichwani bado kikifuka moshi, mtoto mgongoni, wengine wameshika nguo yake, na nguruwe ndani ya mfuko. Yeye mwenyewe alimpokea mama mmoja mgonjwa nguruwe wawili. Akiwa katika kukimbia, akakanyaga gauni lake, likachanika vibaya. Mwishoni mwa mwezi huo aliandikiwa barua kwenda Boston, kwa kuwa hakujua kuandika, akiomba atumiwe vazi fupi lenye suruali ndani, la kitambaa kigumu, la kuvaa katika safari za kijeshi.

Dola 200 alizolipwa na serikali katika vita vile alizitumia kujenga nyumba ya kufulia. Wanawake waliotoka utumwani walifundishwa humo kufua nguo za askari kwa malipo, wapate riziki yao. Huo pia ni mkakati wa vita, kwa sababu mtu aliyekombolewa asiyekuwa na kipato hurudi chini ya mkono wa mwingine.

Baada ya vita aliishi Auburn, jimbo la New York, katika nyumba aliyoinunua kwa Seneta William Seward mwaka 1859. Alilima bustani, akafuga nguruwe na kuku, akawapokea wazee, yatima na wagonjwa bila kuhesabu vitanda. Mwaka 1869 aliolewa na Nelson Davis, askari mstaafu na mfyatua matofali. Davis alipofariki mwaka 1888, Harriet alipewa baadaye pensheni ya mjane, dola 8 kwa mwezi. Mwaka 1899 iliongezwa hadi dola 20 kwa kutambua uuguzi wake. Kwa upelelezi hakulipwa pensheni kamwe. Serikali ilimwona mke na muuguzi, mpiganaji haikumwona.

Ndoto yake ya mwisho ilikuwa makao ya wazee weusi. Mwaka 1896 alinunua kwa mnada ekari 25 jirani na kwake, na mwaka 1903 akaikabidhi ardhi hiyo kwa kanisa lake la AME Zion. Viongozi walipoweka kiingilio cha dola 100 alikasirika waziwazi. Yeye aliyataka makao yale kwa ajili ya watu wasio na senti. Makao yalifunguliwa mwaka 1908, naye alifia humo tarehe 10 Machi 1913, wenzake wakiwa wanaimba na kusali naye. Alizikwa kwa heshima za kijeshi. Cheo kilichelewa zaidi: tarehe 11 Novemba 2024 jimbo la Maryland lilimtunuku cheo cha brigedia jenerali katika kikosi chake cha Walinzi wa Taifa (National Guard).

Suala la fedha nalo lilirudi. Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilitenga dola 11,750 kufidia pensheni aliyopunjwa, zikapelekwa Auburn kuitunza nyumba yake.